Maswali Yenu: Yule wa K-PAX Alikuwa Mgeni au Mgonjwa?

Toleo lililopita nilitaja filamu ya K-PAX kwa mistari miwili tu, tena kwa kupitia. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimenijia mpaka mhariri kanipa ukurasa mzima, kwa sharti kwamba nisigeuze safu ya sinema kuwa darasa la uuguzi. Nitajaribu. Mtu aliyefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili mpaka akastaafu hawezi kuangalia filamu ya daktari na mgonjwa akanyamaza.

Kwa ambao hawajaiona: ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Iain Softley kutokana na riwaya ya Gene Brewer ya mwaka 1995. Mtu mmoja anakamatwa kituo cha treni cha Grand Central, New York, kavaa miwani ya jua, hana mzigo wala kitambulisho. Anasema anaitwa Prot na ametoka sayari ya K-PAX. Polisi wanamfikisha hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa Dk. Mark Powell. Prot ni Kevin Spacey, daktari ni Jeff Bridges. Anayetaka kuiangalia kwanza afunge ukurasa huu, maana nitaitoboa yote.

*Shikamoo mama nesi. Mimi na shemeji yangu tunabishana wiki nzima. Tuliiona kibandani, imetafsiriwa, na mtafsiri akasema mwishoni jamaa "kakata roho, karudi kwao". Shemeji anasema alikuwa mgeni wa kweli wa sayari nyingine, kwa sababu aliwachorea wanasayansi njia ya sayari yake. Mimi nasema mgonjwa. Nani kashinda? Msomaji, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Mtafsiri wenu katia chumvi. Hakuna aliyekata roho. Alfajiri ya Julai 27, saa 11 na dakika 51, saa ileile aliyokuwa ameitaja tangu mwanzo kuwa ndiyo ya kuondoka, kamera ya chumbani kwake inajaa mwanga mweupe. Wanapoingia wanamkuta chini ya kitanda, macho wazi, mwili mkakamavu, hasemi. Na mgonjwa mmoja, Bess, yule mama aliyekuwa amenyamaza miaka yote, hayupo wodini na haonekani tena. Prot alikuwa ameahidi kwamba ataondoka na mtu mmoja. Kwa hiyo shemeji yako ana cha kushikilia: michoro, macho yanayoona mwanga tusiouona sisi, na Bess.

Na wewe unacho chako. Daktari anafuatilia mpaka New Mexico na kugundua kwamba mtu huyu ni Robert Porter, mfanyakazi wa machinjioni, kazi yake kuwapiga ng'ombe wazirai kabla ya kuchinjwa. Siku moja alirudi nyumbani akamkuta mkewe na binti yake wameuawa, na muuaji bado yumo ndani. Akamuua kwa mikono yake, kisha akajitupa mtoni. Mwili haukupatikana. Hiyo ni Julai ya mwaka 1996. Mwongozaji kawagawia nusu kwa nusu makusudi, ili mkitoka kibandani mgombane. Mmetii.

Ila ngoja nikuambie, kazini kwangu swali lenu lisingeandikwa hata kwenye faili. Tulikuwa tunaandika: anasema nini, tangu lini, analala saa ngapi, anakula nini, nani alifariki nyumbani kwao. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo lililonifanya niirudie filamu hii mara ya pili. Msikilizeni Prot anavyoisimulia K-PAX. Huko hakuna ndoa. Hakuna familia. Mtoto hana baba wala mama maalumu, analelewa na wote, leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna serikali, hakuna sheria, hakuna mahakama. Kuzaana kwenyewe ni maumivu, hakuna anayetamani kuzaa. Daktari anayaandika kama maelezo ya jiografia. Sasa jiulize ni nani angejitengenezea dunia ya namna hiyo. Ni mtu aliyepoteza mke na mtoto mchana mmoja. Huko K-PAX hakuna mke wa kuuawa, hakuna binti wa kuzikwa, na hakuna sheria ya kumuuliza umemuuaje yule mwingine.

Mkiirudia, muangalieni pale nyumbani kwa daktari, siku wanayochoma nyama uani. Mtoto mdogo wa daktari anachezea maji ya bomba la kumwagilia majani, lile linalorusha maji kwa kuzunguka. Prot, aliyekuwa ametulia kuliko wenyeji wote, anashikwa na kiwewe ghafla. Hakuna anayeelewa. Baadaye sana, tunapoonyeshwa ile siku ya msiba, tunamuona Robert uani kwake, maji yaleyale yakizunguka, ananawa damu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mwandishi.

Nilikuwa na mzee mmoja wodini, zamu za usiku. Alikuwa akisema yeye ni mkuu wa stesheni ya reli. Kila jioni anauliza kama treni imefika. Wenzangu walikuwa wanamjibu, "Mzee, hapa hospitali, hakuna treni," naye anapandisha hasira, anagonga mlango, anachomwa sindano, analala. Siku moja nikamuuliza, "Ikifika inamleta nani?" Akakaa kitandani. Akasema, "Mwanangu wa mwisho." Tukaongea habari za mwanawe mpaka chai ya asubuhi. Mwana alikuwa amefariki zamani, ajalini. Kuhusu ustesheni hakuacha, aliendelea nao mpaka anatoka. Lakini mlango hakuugonga tena zamu yangu.

Kwa hiyo sare, mwanangu. Msalimie shemeji.

*Mama, kweli yupo binadamu anayeweza kuona mwanga wa urujuanimno (ultraviolet) kama Prot? Na kweli yule mwigizaji alikula ndizi na ganda? Msomaji, Mombasa.*

Wapo. Lenzi ya jicho ndiyo inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo usifike ndani. Mtu aliyetolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho, akaachwa bila lenzi ya bandia, anaweza kuona sehemu yake, mara nyingi kama weupe wenye ubuluu. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 1923, na wapo wataalamu wanaohusisha ubuluu uliozidi kwenye baadhi ya picha zake za baadaye na jicho hilo. Siku hizi lenzi za bandia nyingi zinatengenezwa zikiuzuia. Nyuki wanauona bila upasuaji wa mtu. Kwa hiyo kwenye ushahidi wa shemeji wa Morogoro, futa hilo la macho.

Ndizi, ndiyo, kwenye filamu inaliwa na ganda lake mbele ya daktari, bila aibu. Ukijaribu, osha kwanza.

*Habari mama. Niko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Daktari kwenye filamu anatumia hipnosisi, anamlegeza mgonjwa kwa maneno mpaka anarudi utotoni. Mwalimu wetu anasema ni sinema tu. Je, kuna mtu aliyewahi kupotea ndani ya mtu mwingine namna hiyo kweli? Msomaji, Kisumu.*

Swali zuri, na mwalimu wako mpe heshima yake, ila mwambie habari za Ansel Bourne.

Bourne alikuwa mhubiri wa Rhode Island, Marekani, kabla ya hapo fundi seremala. Januari 1887 alikwenda mjini Providence, akatoa benki dola 551 za kulipia kiwanja, akapanda gari la farasi, akapotea. Magazeti yakatangaza, polisi wakatafuta, wapi. Wakati huohuo huko Norristown, Pennsylvania, mtu anayejiita A. J. Brown alipanga chumba cha duka, akajaza karatasi za kuandikia, peremende na matunda, akauza kimya kimya. Jirani hakuona lolote la ajabu. Katikati ya Machi aliamka alfajiri kwa hofu, akawaita wenye nyumba, akawauliza yuko wapi. Alisema yeye ni Ansel Bourne, dukani hajui lolote, na jambo la mwisho analokumbuka ni kutoa fedha benki.

Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James wa Harvard alimlaza Bourne kwa hipnosisi, na Brown akatoka. Akasimulia safari yote na duka lote. Ukimtaja Bourne, anasema amesikia jina, hamjui. James alijaribu kuwaunganisha wawe mtu mmoja mwenye kumbukumbu zote mbili, akashindwa, na akakiri hivyo kwenye kitabu chake alichotoa mwaka huohuo. Leo madaktari wanaliweka jambo hili kwenye kundi la kusahau kunakotokana na mshtuko, pamoja na kutangatanga. Ni nadra. Mimi kazini sikuliona kwa sura hiyo kamili.

Hipnosisi yenyewe ipo na inatumika kwa mambo kadhaa, maumivu kwa mfano. Kwa kufukua kumbukumbu, uwe mwangalifu sana: mtu aliyelegezwa anaweza kukuzalishia kumbukumbu ambayo haikutokea, kwa sababu tu umeuliza kwa namna fulani. Na hapa ndipo ninapogombana na Dk. Powell. Nampenda, ana uso wa mtu anayesikiliza, lakini ana haraka. Anaiona Julai 27 inakuja, anaamini siku hiyo kuna baya, kwa hiyo anafukua, anafukua. Anamfikisha Robert mlangoni kwa maiti. Halafu? Nani amekaa naye usiku ule? Nesi yuko wapi? Kwenye filamu nzima wauguzi wanapita nyuma ya kioo na sahani za dawa. Mwisho wa habari mgonjwa wake anasukumwa bustanini kwenye kiti cha magurudumu, hasemi, na daktari anamsimulia habari za wenzake. Picha nzuri, muziki mzuri. Mimi nimeona matibabu yaliyokwenda vibaya.

Na kwa kuwa uko chuoni, kuna kisa kingine cha kweli kinachonivutia kuliko filamu yoyote. Robert Lindner, mwanasaikolojia wa Baltimore, alikiandika mwaka 1954, na mwaka uliofuata kikaingia kitabuni. Alipelekewa mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi ya siri ya serikali. Mwanafizikia huyu aliamini yeye ni mtawala wa dunia za mbali, na alikuwa na maelfu ya kurasa za historia yake huko, pamoja na ramani za rangi. Lindner alichoka kumpinga, akaamua kuingia naye. Akajifunza ramani, akatafuta makosa kwenye tarehe, akamtuma mgonjwa "aende" akalete maelezo yaliyopungua. Siku moja mgonjwa akakiri: alikuwa ameacha kuamini majuma kadhaa nyuma, ila alikuwa anaendelea kuleta habari za huko kwa sababu Lindner alionekana anazihitaji. Lindner mwenyewe alikuwa amenaswa. Zungumza hilo na mwalimu wako kabla hujaja wodini ukamwambia mgonjwa, "Ndiyo, na mimi naisikia hiyo redio."

*Bibi nesi, nimeambiwa K-PAX imeigwa kutoka filamu ya Argentina. Ni kweli? Msomaji, Muscat.*

Kuhusu kuigwa sihukumu. Tarehe hizi hapa. *Hombre mirando al sudeste*, maana yake mtu anayetazama kusini mashariki, ya Eliseo Subiela, ni ya mwaka 1986. Riwaya ya K-PAX ni ya 1995. Kwenye ya Argentina, wodi ya Buenos Aires inahesabu wagonjwa na kukuta amezidi mmoja. Jina lake Rantés, anasema ametoka kwingine, anasimama uani saa nzima nzima akielekea kusini mashariki, akipokea na kutuma habari. Daktari wake ametengana na mkewe, anapuliza saksafoni usiku peke yake. Ilipigwa picha ndani ya hospitali yenyewe ya wagonjwa wa akili ya Borda, na kuta zinajionyesha.

Kama nikipewa moja ya kubaki nayo, nachukua hiyo. Miaka mitatu tu kabla yake Argentina ilikuwa chini ya wanajeshi, watu wakichukuliwa usiku wasirudi. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini mtu asiyejulikana anatokea tu kitandani na hakuna anayeuliza katoka wapi. Na Rantés haondoki kwa mwanga mweupe. Anaongezewa dawa, anaacha kusimama uani, anakufa mikononi mwao. K-PAX inakupa nafasi ya kutoka ukitabasamu. Hii haikupi.

Jambo moja la kuchekesha kwa wapenzi wa sinema: Jeff Bridges, daktari wa K-PAX, mwaka 1984 mwenyewe aliigiza mgeni kutoka anga katika *Starman*, na akateuliwa kugombea Oscar. Kwa hiyo mle chumbani mwenye uzoefu wa kutoka nje ya dunia alikuwa daktari.

*Mama, shikamoo. Mimi sina swali la filamu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Tangu kiangazi anasema yeye si wa hapa, ametoka kwenye nyota, na redio inamtaja. Halali, anatembea usiku, ugali wa nyumbani hali, anasema una kitu. Juzi kasema mwezi ujao tarehe 10 anarudi kwao. Mama anataka tumpeleke kambi ya maombi. Tufanye nini? Dada mtu, Kahama.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwanza, nimeiweka mwisho ili niwe na nafasi.

Mdogo wako si Prot. Prot amekaa vizuri, anakula, anacheka, anawasaidia wenzake. Wa kwenye sinema hunukia sabuni. Mdogo wako halali, hali, na anawaogopa nyinyi mnaompenda. Huo ni ugonjwa, na umri wake ndio umri unaoanza mara nyingi. Mpelekeni hospitali ya wilaya wiki hii, mkaulizie kliniki ya afya ya akili. Wampime malaria kwanza, kwa sababu malaria iliyopanda kichwani inaweza kumfanya mtu aseme maneno ya ajabu. Waambieni kama aliwahi kuanguka kifafa, kama anavuta bangi au kunywa chochote, hata kama mama hapendi isemwe. Msimfiche daktari kitu kwa aibu.

Njiani msimfunge kamba. Nimepokea vijana wenye vidonda vya kamba vifundoni vilivyochukua muda mrefu kupona kuliko kichwa. Aende na yule anayemwamini zaidi. Usimwambie "nyota gani, acha ujinga", wala usimwambie "ndiyo, nakuamini". Mwambie, "Naona hulali, na naona unaogopa. Twende tukapate dawa ya usingizi." Hilo mara nyingi wanalikubali, kwa sababu ni kweli hawalali na wamechoka.

Wakimpa haloperidol au Largactil, dawa za ugonjwa wa akili, ujue jambo hili, maana ndilo linalowafanya watu watupe dawa. Siku za mwanzo, hasa kwa haloperidol na kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kujipinda upande mmoja, au macho yakapanda juu yasishuke, au ulimi ukawa mzito. Jirani atasema pepo limeonekana. Si pepo, ni dawa, na inatibika haraka. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo wampe vidonge vya Artane au sindano ya kulegeza. Msiache dawa kimyakimya. Na Largactil hii ndiyo Thorazine wanayomtajia Prot kule New York, ile wanayosema haimleweshi. Mdogo wako itamlewesha, mara ya kwanza atalala sana. Mwacheni alale.

Mama yako aombe. Mchungaji akija nyumbani akaomba na kijana amekaa, na vidonge amemeza, hakuna neno. Kambi inayomfungisha, inayomfunga mnyororo au kumnyang'anya dawa, hapana. Mama akikataa, mwonyeshe barua hii, mwambie aliyeandika ni mama mwenzake.

Sasa hiyo tarehe 10. Mgonjwa anayetaja siku ya "kurudi kwao" mimi nilikuwa namwandika kwa kalamu nyekundu na kumhamishia kitanda cha karibu na meza ya nesi. Wakati mwingine kurudi kwao ni maneno tu, wakati mwingine ni kufa. Dk. Powell hapo alisikia sawasawa, namsifu. Muulize mdogo wako waziwazi, mkiwa wawili, "Kurudi kwenu maana yake unataka kufa?" Kuuliza hakumwekei wazo kichwani, na akijibu ndiyo, msingoje wiki iishe, nendeni usiku huohuo. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba iliyopo ghalani itolewe nyumbani leo, ipelekwe kwa jirani, na kamba pia. Asilale chumba cha peke yake mpaka tarehe hiyo ipite na daktari awe amemwona mara mbili. Siku yenyewe ikifika kaeni naye zamu, wewe usiku, mjomba mchana, na asubuhi yake nitumie ujumbe kwa namba ya gazeti.